Kidole cha Voahirana

Mwezi wa saba kwetu nyanda za juu si mchezo. Nyasi zinaamka na barafu, vidole vinauma kabla hujagusa kitu, na ukungu unajaa mabondeni mpaka mchungaji hamwoni ng'ombe anayemswaga. Lakini karoti hazijichimbi zenyewe, na shule haifungwi kwa ajili ya baridi. Asubuhi ile jirani yetu Voahirana alikuwa jikoni kama siku zote, anachemsha maji juu ya ukoko wa wali wa jana, maana nyumba ya kwetu isiyo na kikombe cha maji ya ukoko asubuhi ni nyumba ya wagonjwa. Bintiye Miangaly alikuwa na kitumbua mdomoni, anatafuta soksi huku anamwita mama yake.

"Neny, soksi moja imeliwa na panya."

"Panya wa nyumba hii ana miguu minne, soksi moja itamfaa nini? Angalia chini ya kitanda, mvivu wewe."

Simu ikalia juu ya kabati. Voahirana hakuhitaji kuitazama. Alijua ni mzee Rainizafy na baiskeli yake ya maziwa, amefika njia panda. Kila asubuhi mzee yule alisimama chini ya mlingoti, akavua kofia, akapiga saluti.

"Ee Jicho! Umeniona? Leo nimenyoa ndevu, niandike kijana!"

Sauti yake ilifika mpaka jikoni, na Miangaly akacheka, kama alivyocheka jana na juzi.

Jicho lilikuwa mtambo wa Voahirana. Njia panda yetu ya Ankazolava imekaa pabaya: barabara kuu inashuka mlima kutoka Antsirabe, malori yanakuja na mzigo yakiteleza kama sabuni, na barabara ndogo ya vumbi inatoka kijijini imefichwa na kilima na mikaratusi. Wa huku hamwoni wa kule mpaka wakutane uso kwa uso. Na tangu babu zetu, kila majira ya baridi njia panda ile ilichukua mtu mmoja. Hawakuwa wawili hata siku moja, wala hapakupita mwaka mtupu. Baba yake Voahirana alikuwa mmoja wao, yeye na mkokoteni wake wa karoti na ng'ombe wake wawili. Voahirana alikuwa darasani siku hiyo. Akasoma kwa hasira, akasoma mpaka akawa fundi wa mitambo ya barabara, kisha akarudi nyumbani na mlingoti wa chuma.

Juu ya mlingoti aliweka macho mawili. Moja lilitazama barabara kuu. La pili lilikuwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, likitazama barabara ndogo yote mpaka mwisho wake. Macho yale yalipenya ukungu, yakaona kila kijacho na mwendo wake, na mtambo ukapiga hesabu: huyu na yule watakutana. Hapo taa nyekundu ziliwaka pande zote, king'ora kikalia, na kila mtu akakanyaga breki. Kila kitu kilipojitokeza barabarani simu ya Voahirana ililia, ikamwonyesha hayo yote, kila kitu ndani ya kisanduku chake na jina lake: gari, ng'ombe, mtu. Majira mawili ya baridi yalipita na hakuna aliyekufa. Kijiji kizima kilishukuru.

Isipokuwa mmoja.

Rangahy, yaani Bwana, Ramarolahy, mzee mfupi wa kofia pana, ndiye aliyekuwa na malori kwetu. Watu walishazoea kwamba kila baada ya msiba wa njia panda yeye huwa wa kwanza kuleta gunia la mchele kwa wafiwa, na kwamba haupiti mwezi lori jipya halijaingia uani kwake. Watu walizoea, wakanyamaza. Sasa misiba ilipokoma, mambo yake nayo yakaanza kwenda mrama. Lori moja likaungua, jingine likapinduka, la tatu likagoma kuwaka hata mafundi wa mjini wakanawa mikono.

Siku moja mchana akaja kwa Voahirana pamoja na wazee wawili. Alikuwa mpole. Alizungumza kwa sauti ya chini, ya mtu anayebembeleza mtoto, akimwita kama tunavyomwita mwanamke wa heshima.

"Ramatoa, kazi yako ni nzuri, nani asemaye si nzuri? Ila fimbo yako imemnyooshea kidole babu yangu."

Voahirana akatazama nje ya dirisha. Damu ikampanda usoni. Kwetu mtoto hajamaliza kuota meno anafundishwa: kaburi halinyooshewi kidole. Ukitaka kulionyesha, kunja kidole, onyesha kwa kifundo. Anayenyoosha, kidole kinamwoza. Na kweli, ile fimbo ya chuma ilinyooka juu ya barabara ndogo, na pale barabara inapoishia, juu ya kilima, ndipo lilipo kaburi la mawe la ukoo wa Ramarolahy. Mtu wa kuja angecheka. Voahirana hakucheka. Alikuwa amepima upepo, mteremko na mwendo wa malori, na hilo moja, ambalo hata Miangaly analijua, halikumpitia akilini.

"Nisameheni, Rangahy," akasema. "Nitaikunja."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Akaikunja siku ileile. Ilikunjwa kama kidole kinachoonyesha kwa adabu, na jicho la ncha likaangalia mtaro na hatua chache tu za barabara ndogo karibu na njia panda. Voahirana akajiambia zinatosha. Wewe unajua mtu anavyojiambia akishatoa neno mbele ya wazee.

Siku ya tatu ukungu ulikuwa mzito. Simu ikalia, ikalia tena papo hapo, king'ora kikapiga mlio mfupi, halafu kishindo. Hakukuwa na saluti asubuhi hiyo. Voahirana alikimbia na kijiko mkononi, akamkuta mzee Rainizafy amelala kando ya lori la Ramarolahy, maziwa yametapakaa lami nzima yanafuka moshi kwenye baridi. Kofia yake ilikuwa imening'inia kwenye fimbo iliyokunjwa, juu, ambako mkono wa mtu usingeweza kufika.

Dereva alikuwa ameketi chini. "Alisukumwa," alisema. "Mama, naapa, alikuwa amesimama anasubiri. Alisukumwa na kitu."

Gunia la mchele lilifika kabla ya jeneza. Jioni hiyohiyo lile lori lililogoma likawaka lenyewe uani. Tuliusikia mlio wake tukiwa msibani.

Voahirana hakulia msibani. Watu wakamsema: ana moyo wa jiwe. Kumbe alikuwa amekula hasira yote, ameinyamazia. Kesho yake alikaa na shangazi yake Raketaka, mama mmoja mnene asiyeogopa mtu wala ng'ombe, wakafungua picha zilizohifadhiwa na Jicho. Lile jicho lililokunjwa lilikuwa limeona kidogo tu. Gurudumu la baiskeli. Viatu vya mzee. Na nyuma ya viatu vile, miguu mingine.

Miguu ile ilikuwa ndani ya sanda. Imefungwa pamoja kwa kamba, kama tunavyowafunga wafu wetu. Haikupiga hatua. Lakini ilisogea.

Shangazi Raketaka akaifunika simu kwa kiganja. Akageuka kutazama mlango kama umefungwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akanong'ona. "Yule ni Ralahatra."

"Ralahatra gani?"

"Babu yake Ramarolahy. Mchawi. Mama yangu aliniambia, na mimi nikaapa sitamwambia mtu. Umewahi kuona ukoo wao wakifungua kaburi?"

Voahirana akafikiri. Kwetu majira ya baridi ndiyo majira ya kuwatoa wafu wetu, kuwavisha sanda mpya, kuwabeba mabegani na kucheza nao ngoma, kuwapa habari za watoto waliozaliwa. Kila ukoo hufanya hivyo. Ukoo wa Ramarolahy haukuwahi. Tulidhani ni uchoyo.

"Alipokuwa anakata roho aliwaambia: msinivishe, msinipe asali wala pombe. Chakula changu nitakifuata mwenyewe njia panda, mmoja kila baridi, na nyinyi mtapata magurudumu. Ndiyo hayo magurudumu. Na baba yako, mwanangu…"

Voahirana akasimama. Akavaa koti la marehemu baba yake, akachukua nyundo na bomba la chuma.

"Unakwenda wapi? Hebu kaa! Tutamwita mganga, tutaomba radhi!"

"Radhi? Mimi nimwombe radhi? Ng'o! Nimeomba mara moja, mzee Rainizafy akafa."

Alipanda mlingoti mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama, na akaipiga ile fimbo mpaka ikanyooka. Ikanyooka kuliko mwanzo. Ikaelekea mlango wa kaburi, sawasawa. Wazee wakafunika nyuso zao kwa shuka. Wamama wakawavuta watoto ndani. Ramarolahy alikuwa amesimama kando ya barabara, kofia mkononi, na safari hii hakuwa mpole.

"Mwenye njaa hachagui, Ramatoa," akasema polepole. "Umemnyima mzee sahani za baridi mbili, na huyo mmoja hakumshibisha. Sasa atajipakulia."

"Mwambie," Voahirana akajibu kutoka juu, "kwamba jiko la hapa limefungwa. Na wewe ukitaka kumlisha, una mwili wako."

Hilo neno lilizunguka kijijini mpaka usiku. Wengine walilicheka, wengine walilala na taa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya ukungu, simu ililia kabla ya jua. Kwenye kioo cha simu, mwisho kabisa wa barabara ndogo, kisanduku. Ndani yake neno moja: mtu. Kilishuka taratibu kutoka kilimani, kikapita nyumba za watu, kikapita nyumba ya Voahirana. Yeye akasimama dirishani kutazama. Barabara tupu. Kwenye simu, kisanduku kiko mbele ya dirisha lake. Kimesimama.

Kisha kikaendelea.

Kilifika ukingoni mwa barabara kuu na kungoja. Lori lilipokuja, taa ziliwaka, king'ora kikalia, dereva akapunguza mwendo akapita salama. Na kisanduku kikarudi kilikotoka. Madereva walianza kutania: "Jicho la mama limezeeka, linaona majini!" Lakini walikanyaga breki, na hilo ndilo Voahirana alilolitaka. Waliomtania walikuwa hai.

Ila kila siku alipokuza picha, aliona jambo moja. Sanda ilikuwa inazidi kumpwaya. Kamba zilikuwa zinalegea. Kilichokuwa ndani kilikuwa kinakonda.

Alimwambia Miangaly asiende shule peke yake. Watoto wa kijiji wakawa wanakusanyika kwake alfajiri na kwenda pamoja, sita, wameshikana mikono, na yeye nyuma yao. Alifanya hivyo bila kukosa, mpaka Ijumaa moja. Alfajiri ile simu ilimpa habari nyingine: taa hazijibu. Macho yanaona, hesabu inapigwa, lakini taa na king'ora havijibu. Nje ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kama mtu.

"Miangaly, nisikilize. Leo hamtoki mpaka nirudi. Shangazi atawashika hapa wote. Umesikia?"

"Nimesikia, Neny."

"Hata ukisikia nini."

Akashuka mbio. Chini ya mlingoti aliugusa waya kwa mkono, maana macho hayakuona kitu. Ulikuwa umekatwa. Umekatwa safi, kwa koleo, mahali pawili. Macho ya juu yalikuwa na betri yake, yalibaki yakiona. Lakini hayakuwa na ulimi wa kusema.

Alikuwa bado ameshika ule waya simu ilipolia.

Akatazama. Barabara ndogo. Kisanduku. Kisanduku. Kisanduku. Vidogo, vimepangana, vinakuja kwa mbio. Watoto. Akahesabu. Sita.

Na cha saba nyuma yao. Kirefu.

Akapiga kelele. "Miangaly! Simameni! Simameni hapo!" Ukungu ukaimeza sauti yake. Akaita tena mpaka koo likawaka. Vile visanduku havikupunguza mwendo. Vikaongeza.

Simu ikalia mara ya pili. Barabara kuu. Gari. Kubwa, zito, linashuka mlima.

Aliusikia mngurumo. Dereva hakuwa na habari. Taa zimekufa, na dereva wa Ankazolava alishazoea kwamba Jicho likinyamaza njia ni nyeupe. Voahirana alikuwa na mikono miwili na roho moja. Akikimbilia watoto, hatawafikia wote. Akikimbilia lori, watoto wataingia barabarani na yule yuko nyuma yao. Akasema, liwalo na liwe. Akaingia katikati ya njia panda.

Akawasha tochi ya simu. Mkono wa kushoto akaupeleka nyuma, akaelekeza mwanga kwa lori, akaufunika na kuufunua kwa kidole gumba. Waka. Zima. Waka. Zima. Mgongo wake ndio uliobaki kuwa kati ya lori na watoto. Uso akaugeuza kwenye barabara ndogo.

Wakatokea. Miangaly mbele, skafu nyekundu, macho yametoka. Wanakimbia wameshikana. Na nyuma yao ukungu ulikuwa na umbo.

Safari hii alimwona kwa macho yake. Mrefu. Sanda ya rangi ya udongo, imelegea, inaburuzika. Hana miguu inayopiga hatua. Pale penye uso nguo ilikuwa imezama ndani, ikatoka, ikazama. Alikuwa anapumua.

Hapo ndipo mtu mwingine angefumba macho. Mafundisho yote ya utotoni yalimjia: inama, kunja kidole, usitazame. Mkono wa kulia ulikuwa tayari umekunjika wenyewe, kwa adabu, kifundo mbele. Voahirana akauona. Na hasira ya miaka yote, ya baba yake na karoti zake, ya mzee Rainizafy na saluti yake, ikampanda kutoka tumboni.

Akakikunjua kidole. Akainua mkono. Akamnyooshea.

"Wewe! Ndiyo, wewe, Ralahatra! Nakunyooshea kidole, kioze kikitaka! Wafu wetu wanabariki. Wafu wetu tunawavisha, tunacheza nao, wanatuombea. Wewe unakula watoto! Wewe si mzee wa mtu. Humpati hata mmoja. Si leo, si kesho. Rudi! Ukiwa na njaa, nenda kwa aliyekuzoesha!"

Kidole kikapata baridi. Ilianzia kwenye ukucha, ikapanda, mpaka kwenye kifundo. Hakukishusha.

Nyuma yake breki zikalia. Zikalia sana. Harufu ya mpira ulioungua. Joto la injini likampiga mgongoni, na chuma kikamgusa koti, kikasimama.

Watoto walikuwa wamesimama mtaroni, wamekumbatiana. Ile sanda ilikuwa nyuma yao, karibu kabisa, kiasi cha kunyoosha mkono. Ikainama kidogo. Ikatazama kidole. Halafu ikageuka, bila kugeuza miguu, ikaondoka kuelekea kilimani. Haraka. Haikuwa inaondoka kama kitu kilichofukuzwa. Ilikwenda kama mtu aliyekumbushwa chakula kiko wapi.

Dereva alishuka anamwita. Voahirana hakumjali. Alimkamata Miangaly mabegani.

"Nilikwambia nini? Nilikwambia msitoke! Shangazi yuko wapi?"

"Ametukimbilia, hakutupata." Mtoto alikuwa analia. "Lakini Neny, si wewe uliyetuita? Ulikuja mlangoni. Ulisema tukichelewa kidogo tu tutakufa. Ulikuwa nyuma yetu njia nzima, unatuambia kimbieni, kimbieni."

Voahirana akamfunika kichwa kwa koti la babu yake, asimwone uso.

Ukungu ulipoondoka, vijana walikuta gari dogo la Ramarolahy chini ya mikaratusi, karibu na kilima. Injini ilikuwa inanguruma. Milango yote imefungwa kwa ndani, na barafu imeganda kwenye vioo, kwa ndani pia. Walipovunja kioo walimkuta mzee ameketi kwenye usukani, koleo mapajani, mkavu. Mkavu kama gunzi. Nguo zilikuwa zinampwaya. Kofia yake pana haikuonekana mpaka leo, na mlango wa jiwe wa kaburi ulikuwa na alama mpya ya kusukumwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hatukuyasema hayo kwa sauti, ila nani hakuyawaza?

Waya uliungwa kabla ya jioni. Fimbo ilibaki imenyooka, na hakuna mzee aliyethubutu kuja kubembeleza. Baridi hiyo hakufa mtu mwingine, wala baridi iliyofuata. Ukipita leo, utaikuta kofia ya mzee Rainizafy kwenye mlingoti, Voahirana ameifunga kwa waya, na watoto wakipita wanaipigia saluti.

Kidole chake, hata hivyo, hakikukunjika tena. Kile cha shahada cha mkono wa kulia. Anapika kimenyooka, anafua kimenyooka, analala kimenyooka. Daktari wa Antsirabe alikipiga picha, akasema mfupa mzima, kiungo kizima, mama, sijui nikwambie nini. Wazee wanasema ndiyo adhabu, alionywa. Wamama sokoni wanamtania kwamba hata akiomba chumvi anaonekana anagombana. Shangazi Raketaka alitaka apelekwe kwa mganga kikakandwe.

"Kwa nini?" Voahirana akamwambia. "Acha kikae hivyo hivyo. Nilikitoa mwenyewe, sikirudishi."

Lakini jambo moja hamwambii shangazi, na Miangaly hamwambii kabisa. Asubuhi za ukungu, kabla simu haijalia, kile kidole kinapata baridi. Kinageuka chenyewe, na mkono unakifuata, kuelekea kilimani. Ndipo simu inalia. Juu kabisa, mwisho wa barabara ndogo, mlangoni pa kaburi, kuna visanduku viwili sasa. Kimoja kirefu. Kingine kifupi, na juu yake kivuli kipana cha kofia. Havishuki. Vinasimama tu, vimeelekea kijijini, mpaka jua litoke.

Na Voahirana anafungua mlango, anatoka nje na kikombe chake cha maji ya ukoko, anasimama katikati ya barabara ili vimwone vizuri. Anainua mkono.

"Nawaona," anasema.